Aliyelilia Kuachiwa

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kwa kuwa Shebughe, fundi makochi wa Korogwe, bado alikuwa na miguu yake yote miwili, hakuona sababu ya kuwasikiliza wazee wanaokataza usingizi wa magharibi. Isitoshe, siku ilikuwa imemchosha. Asubuhi binti yake Tunu alibanwa na pumu mpaka midomo ikageuka rangi, na hospitalini daktari alinusa shati la baba mbele ya watu akasema, "Huyu mtoto haishi na moshi wako, mzee. Chagua." Shebughe akaweka mkono juu ya kichwa cha mwanawe, akamtaja Mungu, akaapa kwamba sigara basi. Alasiri haijaingia, alikuwa amechutama nyuma ya karakana, anavuta huku machozi yanamtoka. Akarudi nyumbani anatafuna karafuu kuua harufu, akajitupa mkekani, usingizi ukamchukua.

Akajiona katika nchi ambayo mbingu yake ilikuwa nyeusi na ya karibu kama dari la jiko la kuni, na ardhi yake majivu matupu, kila akikanyaga yanampanda hadi magotini. Nyuma yake akasikia mtu anakokota miguu. Akageuka, akaona kisichana kidogo chenye macho ya kizee.

"Shikamoo, Babu."

"Babu? Mimi mjukuu nimempata wapi?"

"Mimi ni Majuto. Hujasikia kwamba majuto ni mjukuu? Mzazi wangu mwingine sina."

"Basi mjukuu wangu, tangulia unionyeshe njia ya kutokea."

"Sitangulii, Babu. Mimi huja nyuma."

Wakaenda hivyo, kipofu mbele na mwenye macho nyuma. Wakampita mzee mmoja mkavu, mwenye mikono ya kazi, aliyesimama kando ya lango dogo lililo wazi. Walipokwisha kufika mbali, Majuto akasema, "Yule alikuwa Azma. Lango lile ndilo la kutokea, na sasa limefungwa."

"Mbona hukusema?"

"Si ndio nasema."

Mbele kidogo wakamkuta bwana mnene, mwenye kicheko cha harusini, amejilaza juu ya kochi. Huyo alimkumbatia Shebughe kama ndugu aliyepotea. "Haraka ya nini? Ulisema utaacha Ramadhani, ikapita, hukufa. Ukasema mwaka mpya, ukapita, hukufa. Kaa!" Shebughe akakaa, na kochi lilikuwa laini kuliko lolote alilowahi kulishona. Alipoinuka, Majuto akamwambia kwamba yule ni Bwana Kesho, na kwamba chini ya kochi lake ni makaburi.

Ndipo wakafika kwa Bi Uraibu. Usidhani alikuwa na pembe. Alikuwa mama mtu mzima, nadhifu, mwenye sauti ya kukaribisha wageni, na sigara moja imewaka vidoleni. Ndani, juu ya jamvi, alilala Tunu. Kila Shebughe alipotoa pumzi, mtoto aliivuta yeye, na kifua chake kikazidi kubonyea. Shebughe akataka kumrukia ambebe amtoe nje, lakini mkono wake ulikuwa umebanwa, hauendi.

"Niachie!" akapiga kelele.

Bi Uraibu akavuta mkupuo mmoja, akampa nusu iliyobaki. "Nimekuachia."

"Sikusema hivyo! Nasema niachie!"

Akawasha nyingine, akavuta kidogo, akampa kipisi. "Haya, hiyo nayo nimekuachia. Neno ni lako mwenyewe, baba. Kidato cha pili, nyuma ya vyoo vya shule, Kibwana anavuta, nawe umemnyooshea mkono: 'Niachie, Kibwana, usimalize.' Mimi nilikuita? Ulikohoa mpaka ukatapika, wenzio wakakucheka, kesho yake ukarudi ukalisema tena. Toka siku hiyo hujaniomba nikakunyima. Yupo mwingine duniani aliyekutendea hivyo?"

Shebughe akalia kwa uchungu, na ili apate nguvu ya kulia, akavuta. Mtoto jamvini akatoa mlio mwembamba.

"Babu," Majuto akasema nyuma yake, "hebu tazama mkono."

"Naona! Amenishika!"

"Tazama nani kamshika nani."

Akatazama. Mkono mmoja wa Bi Uraibu ulikuwa na sigara, wa pili ameuweka kiunoni, hana habari. Kilichobanwa kilikuwa kifundo cha mkono huo wa kiunoni, wake yeye mama, na vidole vilivyokibana, vya manjano, vilikuwa vya Shebughe. Hofu ikamwingia, na badala ya kufungua akakaza zaidi, akakaza mpaka mifupa ikalia.

"Baba, niachie! Baba, unaniumiza!"

Akafumbua macho. Tunu alikuwa amepiga magoti kando ya mkeka, amekuja kumwamsha ale, na mkono wake mdogo umo ndani ya ngumi ya baba yake. Shebughe akafungua vidole kimoja kimoja, maana havikutaka kutii. Pale viliposhika palibaki alama nyekundu.

"Ulikuwa unapiga kelele, niachie, niachie," mtoto akasema huku anajisugua. "Nani alikushika?"

Akatafuta wa kumtaja. Akamkumbuka Kibwana, akawakumbuka waliomcheka, akaikumbuka shida, kazi, mkewe, na hakuna aliyefaa. Ndipo maana ya ndoto ikamwingia: miaka yote alikuwa akililia kuachiwa, na kuacha ni kazi ya aliyeshika.

"Hapakuwa na mtu, mama," akasema, akanyoosha mkono apapase ile alama.

Tunu alikuwa ameshasogea mlangoni, ncha ya mtandio puani.

"Kaoge kwanza, Baba. Umevuta."