Pazia la Mnara wa Mbarika

Usingizi ni mwizi mwenye adabu: haukuvunjii mlango, unakuomba tu ulaze kichwa kidogo. Basi Mize binti Faki, mlinzi wa mnara wa taa wa kisiwa cha Mbarika, analaza kichwa kidogo baada ya adhuhuri, maana amekesha na taa, na jicho halijafumba vizuri anajikuta kwenye ngazi za mnara. Anapanda. Vidato ni tisini na sita, anavijua kwa nyayo, lakini leo akifika tisini vinaanza upya, kuta za matumbawe na chokaa zinapumua, na kila dirisha linaonyesha mji uliosimama kichwa chini. Kidatoni amekaa mtu, kanzu safi, uso hana. Shikamoo, anasema Mize, maana uso usiwepo, adabu ipo. Marahaba mjukuu wangu, mimi ni Ussi, niliiwasha taa hii kwa mafuta ya nazi. Babu, juu kuna nini? Kuna jicho linalokula nyumba yake. Loo! Fumbo gani hilo, na mimi magoti yananiuma? Mzee hacheki, atacheka kwa mdomo upi? Njia inarefuka, inageuka barabara, inarudi kuwa ngazi, na hapo yupo mwingine asiye na uso, ananuka mafuta ya taa. Mimi Vuai, anasema. Binti Faki, umelifunga pazia?

Moyo unampiga paa! Kila mlinzi wa Mbarika, taa ikishazimwa alfajiri, huvuta pazia kuizunguka lenzi, maana lenzi ile ile inayotupa mwanga baharini usiku, mchana hulikusanya jua na kuchoma chochote. Alfajiri ya leo Mize alishuka na usingizi machoni, hakulivuta. Ole wangu, analia, mnara utaungua, na usiku meli zitauvaa mwamba! Anakimbia, vidato vinakimbia naye, moshi unateremka, na juu kabisa mtu wa tatu amempa mgongo, anavuta kitambaa. Mgongo ule anaujua, aliuzika mwenyewe miaka saba iliyopita. Baba? Kalale mwanangu, asiyeonekana naye ana zamu.

Mize anazinduka kitandani, mchana mweupe. Anapanda mbio, tisini na sita kamili. Pazia limefungwa. Kwenye mbao za sakafu kuna tundu jeusi, dogo kama punje ya kunde, bado lina joto, na kisiwani hakuna mtu mwingine hadi boti ya Ijumaa. Anapiga magoti, anacheka huku machozi yanamtoka. Ahsante Babu Ussi. Ahsante Babu Vuai. Ahsante Baba, Mungu awalaze pema, japo naona wenyewe hamlali.

Ndipo anasikia, kutoka chumba cha chini, kwenye kitanda alichotoka sasa hivi, mtu anakoroma. Anautegea sikio ule mkoromo. Ni wake mwenyewe.

Mwache alale, maskini, anasema Mize, amekesha. Anakaa kando ya pazia, amshikie zamu.