Magoti ya Mzee Ziro

Mapenzi alikuwa akipalilia mahindi nyuma ya nyumba yao huko Gede, baba mkwe wake alipotoka kaburini kuomba kigoda. Mzee Ziro alifariki mwaka juzi, akazikwa pembeni mwa shamba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Magoti yameisha. Mahindi yameyala."

Akapandisha kikoi kidogo. Kweli, paja lilikuwa limekutana na muundi, hakuna goti katikati. Mapenzi akamletea kigoda.

Shamba zima mahindi yalikuwa membamba, majani yamegeuka zambarau. Kuzunguka kaburi tu yalikuwa kijani kibichi, yanampita mtu urefu. Afisa wa kilimo aliwahi kueleza kwamba zambarau ile ni njaa ya fosforasi, madini yaliyomo kwenye mifupa na samadi, basi samadi irudi shambani. Kalama, mumewe Mapenzi, aliitikia vizuri sana. Kisha akafagia zizi la mbuzi, akauza samadi yote kwa lori la kwenda Watamu kustawisha nyasi za hoteli, nyasi ambazo mbuzi mwenyewe haruhusiwi kuzionja. Kwa ukaidi, Kalama hana mpinzani.

Jioni alirudi, akamwamkia babake.

"Mbona wewe hukutia samadi hata siku moja," akasema, "na ulivuna?"

"Sisi tulikuwa tukihama. Shamba likichoka tunaliachia msitu, tunafyeka kwingine. Wewe utahamia wapi?"

Kalama akatazama ukuta wa jirani upande huu, akatazama na wa upande ule. "Samadi inaleta magugu," akasema, akaenda kuoga.

Mapenzi aliumia moyoni. Tangu aolewe, mzee huyu ndiye aliyekuwa akimtetea.

"Baba, tukuzike kwingine. Hapa utakwisha."

"Shamba limenilisha maisha yangu yote, acha nami nililishe. Nichomee hindi, mwanangu."

Akamchomea moja la pale kaburini. Lilikuwa tamu, na watoto walikula naye wakashiba. Kitinda mimba akasimama kando ya babu kupima kimo, akampita kidogo. Mzee akacheka mpaka akapaliwa. Ilikuwa jioni njema, hakuna aliyetaka iishe.

Msimu uliofuata mzee hakuhitaji tena kigoda. Alibaki kifua na kichwa, akikaa mkekani, mchangamfu vilevile. Mahindi ya kaburini yalibeba mawili mawili. Kwingine kote, zambarau.

Lori likaja, likapiga honi. Kalama akapakia samadi. Mapenzi akakamua mbuzi, akajimiminia kikombe cha maziwa, akakinywa chote, akaongeza cha pili.

"Tangu lini unapenda maziwa?" Kalama akamuuliza.

"Siyapendi. Nataka mifupa migumu. Baba akiisha, watoto watakula nini?"

Kalama akaona hilo ni jambo la busara. Akamsaidia dereva kufunga turubai.