Ushuru wa Neno Moja

Dukani kwetu dereva mgeni hapokelewi nguo zake chafu kabla hajalipa ushuru, na ushuru wenyewe ni neno.

"Kwenu mtu kama mimi mnamwitaje?" Dada humuuliza, viwiko juu ya kaunta, uso kamsogezea mgeni karibu kwa sababu macho yake hayaoni mbali. "Usinipe la Kiswahili, hilo ninalo. Nipe la lugha ya mama yako."

Hapo ndipo mtu mzima, aliyevuka mipaka na lori refu kama treni, huanza kutafuta kitu sakafuni.

Sisi ni madobi wa madereva. Wakipita na mizigo wanatuachia nguo, wakirudi wanazichukua. Mama anafua, mimi naanika, Dada anapokea na kupiga pasi. Jua ni langu, kivuli ni chake. Alizaliwa bila rangi ya ngozi, na jua likimpata kidogo tu anababuka, ndiyo maana dirisha la kwenye meza ya pasi lina pazia zito na yeye hatoki bila kofia pana na mikono mirefu. Nguo za kila mteja huzitia alama ya uzi ndani ya kola. Ili auone ule uzi anaisogeza kola mpaka puani, kwa hiyo wapo wateja wanaoamini kwamba anawajua kwa harufu. Hajawahi kuwasahihisha. Tangu waanze kuamini hivyo, wengi wanaoga kabla ya kuja.

Kamba zangu ziko nyuma ya duka, na ukuta wa nyuma ni mabati matupu, hivyo nasikia kila ushuru unaolipwa. Mmoja alisema neno la kwao maana yake ni mzimu.

"Sifuri," Dada akamwambia. "Mzimu hapigi pasi. Lete mashati."

Mwingine alisema kwao wanaita mzungu wa kuazima. Dada akacheka mpaka ikabidi aiweke pasi chini. "Sita kwa kumi. Na mwenye mali akija kunidai, mwambie nimeshachakaa!" Wa tatu alileta mtoto wa radi, akapewa saba. Lile la mitaani kwetu, zeruzeru, Dada alilipiga sifuri zamani, mimi bado nanyonya. Na lile la redioni, mtu mwenye ualbino, alilisifu kwa adabu kisha akalikata alama kwa urefu: "Mpaka mtu amalize kuniita, mimi nimeshapita."

Niliwahi kumuuliza anapata faida gani.

"Watalisema tu," akanijibu. "Wakishafika barabarani watalisema. Bora waanzie hapa, nguo zao zikiwa mikononi mwangu."

Basi akaja Breki. Jina hilo tulimpa sisi, kwa jinsi alivyosimama ghafla mlangoni alipomwona Dada, hata mwenzake aliyekuwa nyuma akamgonga mgongoni. Akajieleza kwamba ni wa kabila moja na dereva mwenzake Mzee Tela, ambaye ndiye aliyemwelekeza hapa. Dada akamuuliza swali lake. Breki akakohoa. Akatazama dari. Halafu akasema, polepole kama anayeshuka ngazi gizani, "Ndelemi."

"Maana yake?"

"Maana yake... yule ambaye asubuhi humfikia kwanza."

Huku nyuma niliacha shati likining'inia kwa kibanio kimoja. Mzee Tela ni mteja wetu wa miaka mingi, na ushuru wa lugha yao alishaulipa zamani bila kupepesa jicho. Kwao mtu wa aina ya Dada anaitwa kwa neno lenye maana ya ndizi iliyomenywa. Dada alimpa nane, na kwa siku kadhaa Mama akimwita alikuwa anaitikia, "Abee, ndizi naja."

"Kumi," Dada akamwambia Breki.

Hajawahi kumpa mtu kumi. Nilichungulia kwenye tundu la bati nikamwona akitabasamu lile tabasamu analompa mteja anayeapa kwamba hilo doa halikuwepo.

Toka siku hiyo Breki hakukauka dukani. Alileta nguo chafu, zikaisha, akaanza kuleta safi. Alileta mpaka taulo lipigwe pasi. Na Dada, kila akifika, anamchokonoa.

"Hebu niambie, na mwanamume wa aina yangu anaitwaje?"

"Eeh... ndelemo."

"Na kitoto kichanga?"

Jasho likamtoka Breki kwenye nywele. "Ndele... ndelemini."

"Jamani lugha yenu ina utajiri! Mama, umesikia?"

Mama alikuwa amesikia, na alikuwa ameamini yote. Alikuwa hakumbuki tena neno la Mzee Tela. Mama maneno ya wateja huyasuuza pamoja na nguo zao.

Siku Breki aliposema anataka kuwaleta wazee wake nyumbani, mimi na Dada tulikuwa tunakunja mashuka, kila mtu kashika pembe zake.

"Dada, si umwambie tu kwamba unajua?"

"Nikimwambia nitakuwa nimemsaidia." Akaja na pembe zake kwenye zangu. "Mtu aliyekaa akatunga neno zima ili mimi nisiumie, huyo namtaka. Mtu anayeweza kunitazama usoni akanidanganya mpaka jina la watoto wachanga, huyo simtaki. Shida ni kwamba ni mtu mmoja."

"Sasa?"

"Sasa aseme. Aseme mwenyewe, kwa kinywa chake, kabla wazee wake hawajatoka mlangoni kwetu. Asiposema, jibu ni hapana. Na wewe ukimnong'oneza, ovaroli zote za wabeba makaa utafua peke yako."

Alisema kwa utani. Lakini shuka ile aliikunja, akaikunjua, akaikunja tena, na ilikuwa imenyooka tangu mara ya kwanza.

Walikuja Jumapili alasiri: Breki, shangazi yake aliyemlea, na baba yake mdogo, mzee mwembamba aliyevaa koti la mtu mnene. Tulikuwa tumesukuma makapu ya nguo pembeni na kutandika vitambaa vyeupe kwenye viti. Nikasikia hodi, Mama akafungua.

Baba Mdogo akamshika Mama mkono kwa mikono yake yote miwili. "Ndelemi, mama! Ndelemi sana!"

Mama akashtuka kidogo, lakini ni mtu wa heshima, na mgeni akikusalimu kwa lugha yake huwezi kumwacha njiani. "Ndelemi na nyinyi, baba. Karibuni ndelemi."

"Nyumba yenu ndelemi," akasema Shangazi, akitazama huku na huku.

Nilimwangalia Breki. Alikuwa kama mtu aliyeona lori lake linateremka mlima halina mtu ndani.

Kilichotokea ni hiki. Huko njiani Breki alikuwa amewaonya wazee wake: pale tunapokwenda msije mkasema lile neno letu, semeni ndelemi. Hakuwaeleza zaidi, aliona aibu. Nao wakaelewa kwamba ndelemi ni neno la adabu la lugha yetu, na kwamba watu wa nyumba hii wanapenda lisemwe penye kila jambo. Mama naye anajua ni la lugha yao, na maana yake alishaisuuza. Kwa hiyo kila upande ulikuwa unauheshimu mwingine kwa neno ambalo si la mama wa mtu yeyote.

Nikaleta chai. "Chai ndelemi hii," akasema Baba Mdogo.

"Ongezeni basi ndelemi," akasema Mama.

"Ndelemi ikizidi tutashindwa kutembea," akajibu Shangazi, na wakacheka wote watatu kwa furaha ya kuelewana. Mimi niliinamia sinia, nikauma midomo. Dada alikuwa kakileta kikombe karibu kabisa na uso, akikitazama kama kina uzi ndani.

Mama akaegemea kiti. "Lugha yenu tamu jamani. Sisi kwetu hatuna neno moja linalofaa kila mahali namna hiyo."

"Lugha yetu?" Baba Mdogo akaweka kikombe chini. "Mama, si ndiyo..."

Shangazi akamkanyaga. Niliuona mguu wenyewe. Shangazi alimtazama Breki mara moja tu, akasoma kila kitu kilichoandikwa pale, na papo hapo akageuka na tabasamu.

"Yetu, yetu! Neno la zamani hilo, la bibi zetu. Huyu mdogo wangu kumbukumbu zimeshamtoroka, msimsikilize."

Mama akaridhika. Baba Mdogo akasugua mguu. Breki akashusha pumzi, na mimi roho ikanidondoka, kwa sababu alikuwa ameokoka. Hakuna aliyebaki wa kumuuliza. Dada akakirudisha kikombe kwenye kisahani, bado kimejaa.

Baba Mdogo akasafisha koo. "Basi, ndugu zetu, jambo lililotuleta..."

"Subiri, Baba Mdogo," akasema Breki.

"Nini tena?"

"Lile neno si la bibi zetu." Alisimama. Hakuna aliyemwambia asimame. "Ni langu. Nililitunga pale kaunta, nimetazama dari. Na ndelemo, na ndelemini, yote mimi."

"Umelitunga?" Mama akashika kifua. "Na mimi nimewaitikia ndelemi watu wazima mlangoni kwangu!"

"La kweli ni lipi?" akauliza Dada. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Breki akalitaja kwa lugha yao, akiviambia viatu.

"Kwa Kiswahili. Na kwa sauti, Mama naye asikie."

"Ndizi iliyomenywa."

Shangazi akapiga paja. "Hilo ndilo limetutoa jasho njia nzima? Mimi nikadhani mtoto ameua mtu! Mwanangu, mimi kwetu naitwa Chungu Kilichoungua mpaka leo, na huyu hapa anaitwa Koti."

"Shangazi, jina lako na langu ni mbali na mbali," akasema Dada. "Chungu watu hawakikimbii, mimi wananikimbia." Akamgeukia Breki. "Kwa nini hukulisema siku ile?"

"Nilikukuta unacheka. Nikaogopa utaacha."

Dada akalipima jibu hilo kama anavyoipima pasi kwa kidole kilicholowana.

"Mzee Tela alinipa hilo neno kabla wewe hujapata leseni," akasema.

"Ulikuwa unajua?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Hata siku ya ndelemini?"

"Ile niliuliza makusudi."

Breki akakaa. Hakuangalia anapokaa, akatua kwenye kapu la soksi za madereva.

"Binti," akasema Baba Mdogo, "mimi mguu unaniuma na chai inapoa. Jibu tunalo au hatuna?"

"Mnalo, Baba. Ni ndiyo." Mama akaanza kupiga kigelegele, Dada akamzuia kwa mkono. "Ila kwanza nijue ninachochukua. Shangazi, huyu alianza kudanganya lini?"

Shangazi akavua viatu, akajiweka sawa kitini. "Mwanangu, huyu hata meno hajang'oa, alituambia mbuzi kajifungua kamba mwenyewe akaenda zake."

"Shangazi!" Breki akalalamika kutoka kwenye kapu.

"Nyamaza wewe," akasema Baba Mdogo. "Mbuzi yule nilichapwa mimi."

Dada akavuta kigoda mpaka magoti yake yakagusana na ya Shangazi, maana hapo ndipo anapouona uso wa mtu vizuri.

"Endelea," akasema. "Na usiruke hata moja."