Mashine ya Mwalimu na Mashine ya Dada Yake

Mwalimu mstaafu aliingia karakana kwa mara ya nne wiki ile, na kabla hajavuta kiti, fundi alishajua atakachosema.

"Nasikia bado unaishughulikia ile feki."

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Bado unayo?"

Fundi aliweka bisibisi mezani. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, aliyetengeneza redio na televisheni katika chumba kile kimoja tangu enzi za televisheni za kichogo. Kwa vifaa vilivyoharibika alikuwa na subira isiyokwisha. Kwa wenye vifaa, ilikuwa imebaki kidogo sana, na Mwalimu alikuwa anaimaliza.

Mambo yalianza hivi. Mama yake Mwalimu, ambaye ukoo mzima ulimwita Bimkubwa, alianguka bafuni akavunjika nyonga. Alipotoka hospitali akapelekwa kwa binti yake, fundi cherehani, na huko akawa anashinda kitini akitazama ukuta. Walipomuuliza anataka nini cha kupotezea muda, hakutaka redio wala magazeti.

"Nileteeni ile gemu ya kupiga vimondo," alisema. "Au mmesahau nilivyokuwa nawanyoosha?"

Hawakuwa wamesahau. Miaka arobaini nyuma, gemu za kuchomeka kwenye televisheni zilipokuwa kitu kipya, hakuna aliyemfunga Bimkubwa, si watoto, si wakwe, si majirani. Basi Mwalimu akaitoa mashine yake stoo, na dada yake akaivuta ya kwake kutoka uvunguni. Zote mbili zilikuwa zimekufa. Zote mbili zikaletwa kwa fundi, kila moja na mwenyewe, siku mbalimbali.

Ya Mwalimu ilikuwa nyeusi tupu, na jina la kampuni iliyoitengeneza limeandikwa mbele kwa herufi kubwa. Ya dada ilikuwa na ubao wa plastiki uliopakwa rangi ufanane na mti, na jina la duka moja kubwa la nguo na vyombo vya nyumbani. Hakukuwa na siri yoyote hapo. Kampuni ilitoa leseni, duka likauza mashine ileile kwa jina lake, likabadilisha sura na karatasi za juu ya kaseti za gemu. Lakini Mwalimu aliiita feki tangu siku iliponunuliwa, na aliiita hivyo mbele ya watu.

Fundi alizipima zote. Chipu kubwa ya mashine ya Mwalimu ilikuwa imeungua, na chipu ya namna ile haipatikani tena. Mashine ya dada ilikuwa nzima kabisa ndani, ila panya walikuwa wametafuna vijiti vyake vya kuchezea, na transfoma yake ilikuwa imeungua. Kazi ya dakika kumi: chukua vijiti na transfoma vya Mwalimu, chomeka kwenye ya dada, mgonjwa acheze.

"Vijiti vyangu haviingii kwenye feki," Mwalimu alisema, kama alivyosema jana na juzi.

"Vinaingia, Mwalimu. Nimeshavijaribu."

"Sisemi tundu. Nasema haviingii." Akasogeza kiti karibu, akashusha sauti. "Kwa nini usiitoe bodi ya kwake, ile yenye chipu, ukaiweka kwenye sanduku langu? Yeye atajuaje?"

"Atajua kwa sababu nitamwambia."

Na alikuwa ameshamwambia. Dada alijibu kwenye simu, cherehani ikinguruma nyuma yake, kwamba bodi yake haihami hata kwa mtutu wa bunduki. Kama kaka anampenda mama, alete vijiti akae kimya. Siku nne fundi alikuwa akipeleka maneno huku na kule kama mshenga wa ndoa isiyotakiwa na upande wowote, na redio tatu za watu zilikuwa zinamsubiri rafuni.

Mchana huohuo akawaita wote wawili. Dada alikuja na sindano mbili bado zimechomekwa kwenye ukosi wa gauni, akakaa mwisho wa benchi, mbali na kaka yake kadiri benchi lilivyoruhusu. Fundi akafungua mashine zote mbili mbele yao, akaziweka bodi sambamba chini ya taa.

"Soma namba hii, Mwalimu. Sasa soma hii."

Mwalimu alivaa miwani. Alisoma. Akasoma tena; zililingana. "Wanaweza kuwa wameiga hata namba," alisema.

Fundi alivuta boksi la katoni, akatumbukiza humo masanduku, bodi, nyaya, vijiti na skrubu zote bila mpangilio, akalisukuma mpaka katikati ya benchi. Kisha akachukua simu.

"Unampigia nani?" dada aliuliza.

"Bimkubwa. Nimweleze kwa nini hachezi. Mimi nimeshindwa, labda yeye atawaelewa."

"Subiri, fundi." Dada alimgeukia kaka yake kwa mara ya kwanza. "Ulinicheka mbele ya mama mkwe wangu. Nilishona sare za shule nzima mpaka vidole vikafa ganzi, nikainunua mwenyewe, na wewe ukaja sebuleni kwangu ukawaambia wakwe zangu nimeuziwa takataka. Mpaka leo wanalikumbusha lile neno."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa shati, akakawia kuirudisha.

"Watoto wote walihamia kwako," alisema. "Ya kwangu ilikuwa ya kwanza mtaani, nyumba ilikuwa inajaa. Uliponunua yako wakahama. Hata mama akahama. Alikuwa anapita mlangoni kwangu na mwavuli wake, anakuja kucheza kwako."

"Kwa sababu kwangu alikuwa anapewa kiti. Kwako ulikuwa unamhesabia zamu."

"Na nilijua ni ileile," Mwalimu akasema. "Niliifungua mwaka uleule, wewe ukiwa sokoni. Nikaziona namba."

Fundi alifumba macho. "Mwalimu," alisema taratibu. "Siku nne."

"Najua."

"Siku nne nakuonyesha kitu unachokijua."

"Najua, fundi. Samahani." Akaingiza mkono kwenye boksi, akavitoa vijiti vyake viwili na transfoma, akaviweka mapajani mwa dada yake. Dada hakusema asante. Alisema waya umejikunja vibaya, akaanza kuunyoosha.

Televisheni ya kisasa ya dada haikukubali waya wa mashine, wa kuchomeka kwenye tundu la antena, kwa hiyo fundi alilazimika kubeba televisheni yake mwenyewe ya kichogo mpaka nyumbani kwa dada, Mwalimu akishika upande mmoja na kulalamika juu ya mgongo. Vimondo vilipotokea kwenye kioo, Bimkubwa aliomba mto wa kuegemea, akaomba watu wasisimame kwenye mwanga, akampiga Mwalimu michezo mitano mfululizo bila kumtazama usoni. Kisha akampiga dada mitatu.

Fundi alikuwa ameshafika mlangoni na bisibisi zake.

"Wewe unakwenda wapi?" Bimkubwa aliuliza.

"Kazini, mama. Kuna redio za watu."

"Kaa hapa. Ni zamu yako."

Fundi alitazama saa, akashusha pumzi, akakaa. Hakumaliza hata dakika moja kabla ya kufungwa.