Mrija wa Melkiades

Kila Jumapili baada ya misa, Agnesi alikuwa na kazi moja ambayo hakumwambia mtu: kumtazama shemeji yake Melkiades kooni.

Melkiades alikuwa kaka mkubwa wa Yonasi, mume wake. Mwaka wa sabini na mbili, wakati wa mauaji ya Burundi, Yonasi akiwa na miaka minane, mama yao alikimbia naye na dada yake hadi Tanzania; Melkiades akabaki kwa bibi yao milimani. Yonasi aliporudi Rumonge, ana mvi, mke na watoto wakubwa, alikuta kaka yake analima shamba lote la michikichi la marehemu baba yao. Walivutana miaka mitatu. Mwishowe wakapanda ua wa minyaa katikati ya shamba, wakaahidiana mbele ya padri kwamba kila Jumapili watakunywa pombe ya mtama kutoka chungu kimoja, kwa mrija mmoja. Mwenye pombe huonja kwanza, watu wote waone kwamba ni safi, kisha humpa mwenzake mrija uleule bila kuupangusa. Kuupangusa ni matusi. Kuukataa ni kumwambia mtu: wewe una sumu.

Basi Agnesi alitazama. Melkiades anavuta kweli, au anajifanya? Maana tangu mvua za mwaka jana mkono wa kulia wa Yonasi ulikuwa unatetemeka hata ukiwa umelala gotini. Yeye aliyekuwa akikamua mawese tangu alfajiri bila kuchoka, sasa alisimama mbele ya mashine akiuliza mpini unazungushwa upande gani. Siku moja alimwita Agnesi kwa jina la yule dada yake, aliyezikwa katika kambi ya wakimbizi.

"Bwana, haya hayakuja yenyewe," Agnesi alisali, rozari mkononi. "Nionyeshe ni nani."

Kwenye kliniki walimkuta Dokta Schékinah, binti mwembamba kutoka Bujumbura aliyekuwa akichunguza magonjwa ya ubongo. Alimpima Yonasi kwa upole, kisha akaomba damu yake kidogo. Agnesi akasimama katikati yao.

"Hiyo damu munaipeleka wapi?"

"Maabara, mama. Tunatafuta barua."

"Barua iko ndani ya damu?"

Schékinah alicheka, akachora duara mbili kwenye karatasi. "Hizi ni chembe za ubongo. Chembe iko na maagizo yake, na mengine yanaitwa RNA. Inayafunga kwenye kifuko kidogo sana, inakituma kwa jirani. Jirani anapokea, anasoma, anafanya kazi. Hivyo ndivyo ubongo unavyoishi. Lakini chembe ikiugua, tunashuku inaweza kutuma maagizo mabaya, na jirani aliyekuwa mzima akaanza kuharibika naye. Bado hatujui vizuri. Vifuko vingine vinatoka mpaka kwenye damu, ndiyo maana ninaiomba."

"Na huyo jirani hakatai?"

"Mara nyingi hakatai, mama. Anapokea tu."

Mengine aliyosema daktari, Agnesi hakuyasikia. Anapokea tu. Mbele ya macho yake aliuona ule mrija ukitoka kwenye mdomo uliolowa na kuingia mdomo mwingine. Akakumbuka pia jambo ambalo hakuwahi kulipa uzito: kichwa cha Melkiades mwenyewe kilikuwa kinatikisika kidogo, kama cha mtu anayekataa jambo siku nzima. Kumbe si sumu. Kumbe anampa ugonjwa wake, na anampa akijua.

"Damu tutaifikiria," alisema, akamshika mumewe mkono wakaondoka.

Jumapili iliyofuata walikaa uani kwa Melkiades. Mzee alionja, akamsogezea Yonasi mrija. Agnesi akatoa kikombe cha plastiki chini ya kitenge chake.

"Yonasi atakunywa hapa."

Joanita, mke wa Melkiades, akamgeukia Agnesi, akapiga kofi pajani. "Eh! Mama Dusabe! Huko Tanzania mulifundishwa kunywa kama mapadri wa kizungu?"

Melkiades hakucheka. "Shemeji, unasema nini?"

"Nasema kikombe."

"Hapana. Unasema nina sumu."

"Sikusema sumu."

"Basi sema ulichosema."

"Kichwa chako kinatikisika, shemeji. Sasa na mkono wake unatikisika."

Melkiades aliuchomoa mrija kwenye chungu, akauvunja gotini. "Murakoze," alishukuru taratibu. "Miaka yote hii nilijua iko siku mutasema."

Jumatatu asubuhi Agnesi alisikia panga. Alipotoka, alimkuta Melkiades anakata minyaa, utomvu mweupe unamchuruzika mikononi.

"Mpaka huu tuliuweka kwa mapatano," alisema bila kugeuka. "Mapatano umeyavunja. Twende mahakamani, tuanze upya. Tuone Yonasi atajieleza vipi mbele ya jaji."

Yonasi asingeweza hata kutaja jina la baba aliyemwachia hilo shamba. Wiki nzima aliuliza, "Leo si Jumapili? Mbona hatuendi kwa mukubwa?" Na kila Agnesi alipopiga magoti, sala ilimkwama palepale, kwenye utusamehe makosa yetu. Aliirudia mara tatu. Haikupita.

Alhamisi akarudi kliniki na Yonasi.

"Dokta, kile kifuko kinapita kwenye mrija wa pombe?"

"Mrija gani, mama?"

Agnesi akaeleza yote, hata kikombe, hata panga. Schékinah akaiweka kalamu chini.

"Mama, kosa ni langu. Nilisema jirani, nikadhani tumeelewana. Majirani hao wote wako humu." Akaweka kiganja juu ya kichwa cha Yonasi. "Ugonjwa wa mzee hauambukizwi kwa mate. Ingekuwa hivyo, wewe unayekula naye sahani moja ungeupata kwanza."

"Na kichwa cha shemeji?"

"Mulete nimupime. Kutetemeka kuko kwa namna nyingi."

"Basi haya maagizo mabaya aliyaandika nani?"

"Hakuna mtu, mama. Yanavyoanza, bado tunatafuta."

Angekuwapo mtu, Agnesi angejua amchukie nani. Kisha akamkunja Yonasi mkono wa shati mwenyewe. "Toa hiyo damu."

Jumapili alibeba chungu kichwani, akapita kwenye pengo la minyaa iliyokatwa, Yonasi nyuma yake. Aliketi mbele ya Melkiades na Joanita bila kukaribishwa, akatumbukiza mrija mpya, akavuta.

"Vuta tena," alisema Melkiades. "Koo sikuliona."

Agnesi akavuta tena, mpaka machozi yakamlengalenga. Hakujua kama ni pombe. "Nilikosa, shemeji. Nilidhani unamuua."

Akamsogezea mrija. Melkiades hakuugusa. Joanita akatazama pembeni.

Ndipo Yonasi akainama, akauchukua mrija mikononi mwa mkewe, akanywa kwa raha, kisha akamwelekezea kaka yake bila kuupangusa. "Shika, mukubwa. Mbona leo tumechelewa? Padri alihubiri sana?"

Hakukumbuka kikombe wala panga. Mkono ulitetemeka, mrija ukacheza huku na huku mbele ya uso wa Melkiades, uso nao ukitikisika, mpaka ikabidi kaka amshike mdogo wake kifundo cha mkono ili aupate. Akakishikilia hivyo. Akaweka mdomo.

"Kesho nitarudisha minyaa," alisema alipomaliza. Akainama tena kunywa.

Agnesi akafumba macho, akaanza Baba Yetu kimoyomoyo. Safari hii sala ilipita. Lakini kabla ya amina macho yakafumbuka yenyewe, yakaenda kutafuta koo la shemeji. Lilipanda, likashuka. Alipogeuka, akakuta Joanita anamtazama yeye.