Gauni la Kijani la Mama Cornelia

Kabula alipoolewa katika kijiji cha Kaengesa, juu Ufipa, alipanda kutoka bondeni na sanduku la nguo, masufuria mapya, na kitambaa cha kijani alichomchagulia mama mkwe wake yeye mwenyewe.

Serikali ilikuwa imefungulia biashara miaka hiyo. Watu waliozoea kupanga foleni kwenye duka la ushirika wakigombea kanga, sasa waliona malori ya watu binafsi yakishuka bondeni mpaka Muze na kumwaga vitambaa juu ya maturubai. Vilikuwepo vya maua na vya mistari, na vingine vilimeta hata kivulini. Familia ya Kabula ilikuwa imehamia huko na ng'ombe wao kutoka Maswa, Usukumani, na hapo Muze ndipo alipokutana na Baltazari, kijana wa Kifipa aliyekuwa akishuka baada ya mavuno kuuza ulezi na kurudi juu na samaki wakavu. Mzee Mayunga, baba yake Kabula, alipokubali posa, alimwambia binti yake, "Usiende kwa mama wa watu mikono mitupu. Kamchagulie kitu kizuri."

Kabula alizunguka maturubai yote. Alikishika kitambaa hiki, akakiacha kile, mwishowe akachukua cha kijani kilichong'aa kuliko vyote. Kilikuwa laini, kinateleza mkononi, wala hakikukunjamana. Muuzaji alimhakikishia kwamba hata mjini Sumbawanga wake za wakubwa walikuwa wakivaa hicho hicho.

Mama yake Baltazari, mjane mrefu mwenye maneno machache ambaye watu walimwita Mama Cornelia kwa jina lake mwenyewe la ubatizo, alikipokea kwa mikono miwili. Alikifungua, akakitazama, akakikunja tena taratibu.

"Asante, mwanangu," alisema. "Umenikumbuka."

Alikipeleka kwa fundi siku zile zile. Fundi alimshonea gauni la mikono mirefu, lenye kola iliyopanda hadi shingoni na kiuno kilichobana. Jumapili alipoingia nalo kanisani, wanawake waligeuka kumtazama. Wakati wa kutoka walimzunguka, wakalishika pindo, wakamuuliza limetoka wapi. "Nimevishwa na mkamwana wangu," alijibu, na Kabula aliyesimama nyuma yake aliinama kwa haya na furaha. Tangu afike kijijini hapo, hiyo ndiyo ilikuwa siku yake ya kwanza kujiona si mgeni.

Baridi ilikuwa imekwisha, mvua zilikuwa bado, na jua la Ufipa lilikuwa kali. Mama Cornelia alilivaa gauni lake kanisani, kwenye misiba, na kwenye sala za jumuiya. Baada ya muda Kabula aliona kwamba mama mkwe wake anajikuna shingo akidhani hatazamwi. Kisha akaanza kujitanda kitenge hata mchana wa joto. Siku moja, akifua nguo za nyumbani mtoni, Kabula aliligeuza lile gauni ndani nje, akakuta kwenye kola na makwapani madoa ya damu na majimaji yaliyokauka.

Alirudi nyumbani mbio, nguo nyingine hazijaanikwa.

"Mama, una nini shingoni?"

"Joto tu."

"Naomba nione."

Mama Cornelia alisita, kisha akashusha kitenge. Shingo yote ilikuwa nyekundu, imejaa vipele, vingine vimepasuka na kutunga usaha. Makwapani kulikuwa vibaya zaidi.

"Usimwambie Baltazari," alisema. "Yatapona."

Lakini mambo ya namna hiyo hayafichiki kijijini. Jirani yao Agnesi, mama mwenye sauti kubwa aliyesaidia kupika siku ya harusi, alikuwa ameviona vile vipele mkono wa gauni ulipopanda Mama Cornelia akisaidia kutwanga msibani. Wiki hiyo hiyo Kabula alipofika kisimani, wanawake waliokuwa wakiongea Kiswahili waligeukia Kifipa. Yeye Kifipa alikuwa bado hajakijua vizuri, ila jina lake alilisikia, na neno Msukuma, na neno gauni. Agnesi aliinua ndoo yake, akampisha njia kwa mbali, kama mtu anayekwepa tope.

Jioni alimsimulia mumewe yote. Baltazari akamweleza maneno aliyokwisha kuyasikia kwenye kilabu cha pombe: watu walikuwa wakisema kwamba mke wake ameleta nguo iliyotiwa kitu, na kwamba anataka mama mkwe wake afe ili abaki na nyumba peke yake.

"Nirudishe kwetu," Kabula alisema akilia. "Nirudishe kabla hajafa nikaitwa mwuaji."

"Mama mwenyewe amesema hivyo?"

"Hajasema."

"Basi ngoja aseme yeye. Mimi sisikilizi kilabu."

Sala ya jumuiya iliyofuata ilikuwa zamu ya nyumba yao. Mchana ule Kabula alimkuta mama mkwe wake chumbani, amekaa kitandani, anaingiza mkono mmoja kwenye gauni la kijani huku akiuma meno.

"Mama, usilivae! Nakuomba. Litakuua."

"Nifungie vifungo vya nyuma."

"Sifungi!"

"Kabula." Lilikuwa jina lake, lakini Mama Cornelia hakuwa na kawaida ya kulitaja, siku zote alimwita mwanangu. "Watu wote wako pale nje. Leo nikitoka na nguo nyingine, watasema nimeikataa zawadi yako, na mimi ndiye nitakuwa nimewapa ushahidi. Nifungie."

Kabula alivifunga vile vifungo machozi yakimdondoka, akijitahidi vidole vyake visiguse ngozi.

Mama Cornelia alikaa mbele ya wageni wake mwanzo hadi mwisho wa sala. Agnesi hakuweza kujizuia. Walipomaliza rozari aliuliza mbele ya wote, "Mama Baltazari, hili gauni hulichoki? Tunakuona unaumwa."

"Naumwa, ndiyo," alijibu. "Ngozi ni yangu na ugonjwa ni wangu. Gauni nimepewa na binti yangu na ninalipenda. Kuna mwingine mwenye swali?"

Wageni walianza kuaga. Ila usiku ule Mama Cornelia alipata homa, na asubuhi Kabula hakungoja ruhusa ya mtu. Alimfunga mama mkwe wake kitenge chepesi, akamshika mkono, wakaenda polepole mpaka zahanati.

Muuguzi aliyewapokea aliitwa Margareth, dada mpole aliyeuliza maswali bila haraka. Alimwomba Mama Cornelia avue kitenge, akamkagua shingo, makwapa, kiuno, na mgongo. Kisha akamkagua tena.

"Mama, chini ya gauni huwa unavaa nini?"

"Shumizi yangu ya zamani. Ya marekani, ile pamba nene."

"Inaanzia hapa na kuishia hapa?" Margareth alimpitishia kidole kifuani na magotini.

"Ndiyo."

"Hapo pote ngozi yako ni safi. Vipele viko pale tu gauni linapogusa mwili na kubana. Shingoni, makwapani, na mikononi pote." Alimgeukia Kabula. "Ni kitambaa gani?"

Kabula alieleza kwa sauti ya mtu anayekiri kosa: cha kijani, kinang'aa, hakinyonyi maji, kikifuliwa kinakauka mara moja.

"Ni nailoni hiyo, au kitu cha jamii yake. Wengine huvaa na hawadhuriki. Wengine ngozi zao hazikubali. Jasho halina pa kwenda, linabaki mwilini, nguo inasugua, na hizi rangi na dawa wanazopaka kiwandani zinaingia penye mchubuko. Mama akijikuna, vidonda vinaingia uchafu, ndiyo maana ana homa. Si ugonjwa wa kuambukiza, na wala hajarogwa, kama mmeambiwa hivyo."

Alisema hayo akiandaa dawa ya kupaka na vidonge, kana kwamba maneno ya kisimani yalikwisha kumfikia. Aliwaagiza Mama Cornelia avae pamba tupu, nguo isiyobana, nguo mpya ifuliwe kabla ya kuvaliwa, na sabuni isuuzwe mpaka maji yatoke meupe.

Walipotoka nje Kabula aliketi kwenye ngazi.

"Mimi ndiye niliyekupa hivi vidonda."

"Ulinipa gauni," Mama Cornelia alisema. "Vidonda hukuvijua. Hebu simama, jua linanichoma."

Vidonge vilishusha homa na vidonda vikaanza kukauka. Gauni la kijani walilifumua, Baltazari akalifanya pazia la dirisha la sebuleni, na huko halikumdhuru mtu. Mama Cornelia alipopata nguvu, yeye na Kabula walidandia lori la mahindi kwenda Sumbawanga kutafuta kitambaa kingine.

Sokoni walikuta vibanda vimepangana, majora yamesimama mpaka darini, na marundo ya mitumba yamemwagwa chini. Muuzaji wa kwanza, kijana mchangamfu aitwaye Shedrack, aliwatandikia kitambaa cha zambarau.

"Shikamoo mama. Hiki ni pamba tupu. Pamba mia kwa mia."

Kabula alikifumba kwenye ngumi, akakiminya, akakiachia. Kilirudi kama kilivyokuwa, bila mkunjo hata mmoja. Akalowesha kidole kwa mate, akakigusa. Tone lilikaa juu likatiririka.

"Kaka, naomba uzi mmoja tu pembeni hapa. Na kiberiti."

"Unataka kuniunguzia duka?"

"Uzi mmoja. Nitauchomea nje."

Shedrack alicheka, akachomoa uzi, akatoka nao kuangalia. Kabula aliuwasha. Uzi ulijikunja, ukayeyuka, ukaacha punje nyeusi ngumu na harufu ya plastiki iliyoungua.

"Duh," Shedrack alisema. Aliipokea ile punje, akaigeuza kiganjani. "Dada, nakuapia, mimi mwenyewe nimeambiwa pamba. Hebu njoo tujaribu na vingine."

Walivijaribu vingi. Shedrack mwenyewe ndiye aliyekuwa akichomoa nyuzi, na wateja wengine walisimama kutazama. Mwishoni kabisa, nyuma ya majora ya kumeta, alitoa kitambaa kilichofifia kidogo, cha bluu chenye maua madogo meupe. Alikuwa amekificha kwa sababu hakikuwa na mnunuzi. Kabula alipokiminya kilikunjamana. Alipokilowesha kilinyonya maji papo hapo. Uzi wake uliwaka kama karatasi, ukaacha jivu laini lililopeperuka kwa upepo.

Alikinusa, na kwa muda akawa kama hayupo sokoni.

"Mambo haya umeyajulia wapi?" Mama Cornelia alimuuliza.

"Kule kwetu Maswa tulilima pamba, mama. Nimeichuma tangu nikiwa mdogo. Vikonyo vyake vilikuwa vinatuchana vidole mpaka damu. Bibi alikuwa anaisokota kuwa tambi za taa, hivyo najua inavyowaka."

"Na nguo zenu zilikuwa za pamba?"

Kabula alifikiri. "Pamba tuliuza. Sisi tulivaa kilichopatikana." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Siku ile Muze sikukumbuka hata kuchoma uzi. Nilitaka tu king'ae."

Nyumbani alikifua kile kitambaa mara mbili kabla ya kukipeleka kwa fundi. Maji ya kwanza yalitoka ya bluu, ya mwisho yakatoka safi, akakianika juani. Fundi aliagizwa ashone gauni pana, lenye shingo ya wazi na mikono inayopitisha upepo. Halikuwa na mbwembwe. Mama Cornelia alilivaa, akainua mikono juu, akaishusha, akacheka peke yake. Kabula hakuwahi kumsikia akicheka hivyo.

Siku ya sala ya jumuiya, ulipofika muda wa kila mtu kutoa shukrani zake, Mama Cornelia alisimama. Alimshukuru Mungu kwa mvua zilizoanza. Akamshukuru kwa dada Margareth. Kisha akasema, kwa Kiswahili, ili mhusika asikose neno hata moja, "Namshukuru Mungu kwa ajili ya Kabula, aliyenishika mkono akanipeleka zahanati wakati wengine mlikuwa mnanitazama. Sina binti wa kuzaa. Ninaye huyu."

Agnesi aliinamisha kichwa. Siku chache baadaye alifika uani na kapu la unga wa ulezi, amemshika mkono mjukuu wake aliyejaa vipele shingoni. Aliliweka kapu miguuni pa Kabula.

"Mwanangu Kabula," alisema mwishowe, "mdomo wangu umekukosea. Naomba unitazamie sweta la huyu mtoto."

Kabula alimkaribisha kwenye kigoda, akamwita mtoto, akaligeuza sweta na kulipapasa kwa ndani. "Avishwe shati la pamba kwanza, sweta lije juu yake," alisema. "Vikizidi, mpeleke kwa dada Margareth. Nitakusindikiza." Agnesi alimshika mikono yote miwili.

Alipoondoka, Kabula na mama mkwe wake walibaki uani wakichambua maharage. Kabula aliuliza swali alilokuwa amelibeba moyoni tangu siku ile ya vifungo.

"Mama, kwa nini ulivumilia? Ungeliweka tu kando, mimi nisingekasirika."

Mama Cornelia alitupa jiwe dogo nje ya ungo.

"Mimi nami niliolewa hapa nikitokea Mwimbi," alisema. "Nilimletea mama mkwe wangu mkeka. Niliufuma mwenyewe kwa miezi. Aliupokea, na jioni ile ile nikauona umetandikwa chini ya kuku. Kila mtu akajua mimi ni mtu wa namna gani hapa nyumbani. Ilichukua miaka, Kabula." Alipepeta ungo. "Wewe nilikuona ulivyokuwa unanitazama nilipokifungua kile kitambaa."

Kabula alijipangusa mikono. Alisogeza kigoda chake mpaka magoti yao yakagusana.

"Asante, mama."

"Haya," Mama Cornelia alisema, akimsukumia nusu ya maharage upande wake. "Baltazari atarudi na njaa."