Kifundo cha Mguu wa Kushoto

Kitanda usichokilalia ndicho unachowajua kunguni wake kwa majina. Kati ya mashabiki arobaini na wawili wa Faru wa Nanyuki, hakuna aliyewahi kucheza mpira wa kikapu hata dakika kumi. Hata hivyo, Jumatatu baada ya timu yao ya wanawake kutolewa kwenye mtoano wa ligi ya kulipwa, walikusanyika saa nne asubuhi chini ya banda la mabati kando ya soko la mifugo, kuwaeleza wachezaji walikosea wapi.

Banda lilikuwa la Khadar, dalali wa mbuzi na ngamia, na utaratibu ulikuwa wake pia. Mnadani kwake bei haitajwi kwa mdomo. Mnunuzi anaingiza mkono chini ya shali la dalali, anamshika vidole, na bei inajulikana bila jirani kuisikia. Mashabiki waliupenda utaratibu huo wakauchukua. Mwisho wa kila mtoano, kila shabiki aliingiza mkono chini ya shali akampa mchezaji alama: kidole ni moja, kiganja ni tano, kiganja mara mbili ni kumi, na ngumi iliyokunjwa ni sifuri. Khadar alijumlisha kichwani, akatangaza wastani. Mwenye chini ya nne alivuliwa jezi, isipokuwa akirudi bandani Jumatatu iliyofuata akaomba radhi mbele ya wote. Uongozi wa timu uliliheshimu neno la banda kuliko la kocha.

Wachezaji walitakiwa wawepo, wasiongee. Waliketi ng'ambo ya boma la mbao, mahali mbuzi husimamishwa watazamwe meno.

Nasteha, mrefu wa timu, alipata tisa kwa kudaka mipira. Nahodha alipata saba. Kisha Khadar akatikisa shali lake, akataja jina la Kathure.

"Huyo sasa," alisema Dedan, mchomeleaji wa mageti, ambaye sauti yake ilizoea kushindana na mashine. "Huyo ndio alituzika."

"Alikuwa anatembea, bana," alisema Warigia, muuza viatu vya mitumba. "Mechi ya kufa na kupona, mtu anatembea ni kama ametumwa kitunguu."

"Mechi ya kwanza, pointi ishirini na saba. Ya pili, ishirini na nne. Ya tano je? Sita! Ati sita! Sita hata mimi naweka."

"Wewe Dedan? Ngazi ya kanisa unapanda ukipumzika katikati," alisema Warigia.

Watu walicheka. Dedan alingoja wamalize.

"Cheka tu. Lakini ile mitupo mbili ya mwisho uliona? Sekunde nne zimebaki, tuko chini pointi moja. Hakuna mtu anamkaba. Ni yeye, kikapu na Mungu. Ya kwanza inagonga chuma. Ya pili hata chuma haifiki!"

"Hiyo ni uvivu," alisema mwingine nyuma.

"Ni kiburi. Amejua anapendwa."

Kathure alikuwa amekaa juu ya bunda la nyasi, mikono magotini. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na minne na alitoka Chogoria, upande wa pili wa mlima, ambako kazi iliyomngoja ni kuchuma majani chai ya shangazi yake. Upande wote huu wa nchi hapakuwa na timu nyingine ya kulipwa ya wanawake. Jezi namba kumi na moja ikivuliwa, mpira ulikuwa umekwisha.

Angeweza kuwaambia. Katika mechi ya tatu, kule Eldoret, aliruka, akashuka juu ya kiatu cha mpinzani, na kifundo cha mguu wake wa kushoto kikalia kama bua kavu la mahindi. Wakati wa mapumziko daktari wa timu alipiga picha ya mfupa, akamwonyesha meneja Kinuthia. Wawili hao waliitazama kwa muda. Kisha daktari alimdunga sindano ya ganzi, na Kinuthia akamwambia, "Wapinzani wakijua watakukanyaga hapo hapo. Nyamaza kidogo tu, Mami. Tukimaliza nitawaelezea watu mwenyewe." Kathure alicheza nusu iliyobaki, na mechi mbili zilizofuata, akidungwa kila mara.

Sasa walikuwa wamemaliza. Kinuthia, ambaye naye alihesabiwa kati ya wale arobaini na wawili wa kutoa alama, alikuwa amesimama karibu na nguzo ya banda, akisoma simu.

Mikono iliingia chini ya shali, mmoja baada ya mwingine. Dedan alikunja ngumi. Warigia alitoa kidole kimoja, akafikiri, akaongeza cha pili. Khadar aliinua kichwa.

"Moja na nusu," alisema.

Jumanne asubuhi, Dedan aliamka kifundo cha mguu wake wa kushoto kimevimba ukubwa wa kiazi cha Endarasha, rangi ya zambarau upande wa nje. Hakukumbuka kujigonga. Alikifunga kitambaa akaenda kazini. Njiani alimkuta Warigia anachechemea, na mbele ya Warigia mwenye duka la mbegu, na mbele yake fundi wa saa. Hadi saa sita ilijulikana kwamba walikuwa arobaini na mmoja. Uvimbe ulifuata alama: waliotoa tatu walivaa kiatu kwa shida, waliotoa moja walivaa ndala, na waliotoa ngumi hawakuvaa kitu.

Mji uliendelea na shughuli zake. Duka la dawa liliishiwa bandeji, likaagiza nyingine kutoka Nyeri. Warigia alianza kuuza viatu kwa jozi mpya, cha kushoto namba arobaini na tatu, cha kulia namba thelathini na tisa, akasema hajawahi kuuza hivyo tangu aanze biashara. Ibada ya Jumatano ilifanywa watu wakiwa wameketi.

Alhamisi simu ya Kathure ililia. Alikuwa Jeniffer, mpiga picha za mifupa kwenye zahanati iliyo nyuma ya kituo cha mafuta.

"Njoo uchukue faili yako," alisema Jeniffer. "Imejaa, droo haifungiki."

Kathure alikwenda. Faili ilikuwa nene kama Biblia ya madhabahuni. Jeniffer alibandika picha moja ukutani mbele ya taa, kisha ya pili, kisha ya tatu. Zote zilionyesha mguu uleule, mfupa uleule, na ufa mmoja mwembamba uliopinda mwishoni kama mkia wa kinyonga. Chini ya kila picha mashine ilikuwa imeandika yenyewe: Kathure, umri 24, na tarehe ya mechi ya tatu.

"Hii ni ya Dedan," alisema Jeniffer. "Hii ya mwenye duka la mbegu. Nilijaribu kubadilisha majina, mashine ikakataa. Nikaona ni sawa, mfupa ni wa mwenyewe. Sasa panda hapa nione wako."

Kathure alipanda. Mfupa wake ulitoka mzima, laini, bila alama yoyote, kama wa mtoto anayeanza kutambaa.

"Wewe hauna kitu," alisema Jeniffer. "Wamegawana. Tia sahihi hapa."

Alitia sahihi. Kwenye korido aliruka mara moja, akagusa dari. Akaruka tena. Alitoka na faili kwapani, na kwa mara ya kwanza tangu Eldoret alikuwa na tumaini. Maumivu hayahitaji kuelezwa kwa mtu aliye nayo. Alikwenda moja kwa moja kwenye karakana ya Dedan.

Dedan alikuwa ameketi juu ya debe, mguu wa kushoto umewekwa juu ya tofali, anachomelea geti.

"Inauma?" aliuliza Kathure.

"Wacha tu. Naskia ni kama mtu ananitwanga na nyundo kila nikipumua."

"Hiyo ndiyo nilichezea, Dedan. Mechi ya tatu hadi ya tano."

Dedan alizima mashine, akainua kioo cha uso. Alifikiri kwa makini, kama mtu anayepima chuma kabla ya kukata.

"Ulianza kutembea kutoka nusu ya pili ya mechi ya tatu," alisema. "Hiyo ni mechi mbili na nusu."

"Haya. Mbili na nusu. Basi sasa unajua."

"Najua, na hiyo ndio inaniuma zaidi. Mimi niko na hii mguu, sina hata sindano, na tangu Jumanne nimemaliza geti mbili na dirisha ya mama mmoja wa Chaka. Sijakosa hata kona moja. Wewe uko na mguu hii hii, unashindwa kuweka mitupo mbili, na umesimama tu!" Alitikisa kichwa. "Ningekuwa sijui, ningekuhurumia."

Akashusha kioo, akawasha mashine.

Kathure alisimama pale cheche zikimrukia viatuni. Alivuka barabara hadi sokoni. Khadar alikuwa anatazama kwato za mbuzi. Yeye hakuvimba, maana dalali hatoi alama, anazibeba tu.

"Mzee Khadar, wewe uliniona nikichechemea?"

"Niliona, binti yangu. Mechi ya tatu, ulivyoshuka tu. Mbuzi mwenye kwato mbaya namjua akiwa ng'ambo ya barabara."

"Na hukusema."

"Mkono wa dalali ukiwa chini ya shali, mdomo wake hauna kazi. Ningeulizwa, ningejibu." Aliachilia kwato, akajifuta mikono. "Hakuna aliyeuliza."

Jumatatu ikafika. Walikuja kwa magongo, kwa fimbo za kuchungia, wawili kwa mkokoteni wa maji. Kathure aliiweka faili juu ya boma la mbao, na picha zikapita mkono kwa mkono. Watu walizinyanyua kuelekea jua.

"Hii ni yangu," alisema Warigia. "Aki, mfupa msafi hivi! Nilidhani yangu ni mbaya."

"Ufa ni mkubwa," alisema mwenye duka la mbegu, kwa heshima.

"Ni kubwa sana," Dedan alikubali. "Mtu wa kawaida hawezi simama nayo. Lakini huyu si mtu wa kawaida, huyu ni mchezaji wa kulipwa."

Hilo lilionekana kuwa neno la busara, na wengi waliitikia kwa vichwa.

"Daktari wa timu aliuona ufa huu siku ileile," alisema Kathure. Alikuwa amevunja desturi kwa kuongea, lakini hakuna aliyemkatiza. "Kinuthia aliuona. Walinidunga wakaniambia ninyamaze. Tazameni mguu wake."

Wote wakatazama. Kinuthia alikuwa amevaa viatu vyeusi vya kamba, vyote viwili vya namba moja, vimeng'arishwa. Hakuvimba. Jumatatu iliyopita alikuwa amempa Kathure saba, alama ya juu kuliko zote alizopewa, kwa kuwa alijua.

"Meneja ndio alikuwa mkarimu kati yetu wote," alisema Warigia. "Mungu amemwona."

Kinuthia aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Kisha akalisogelea boma, akaongea kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto ale.

"Mami, haya mambo ni rahisi. Hakuna mtu anakuchukia hapa. Sema pole, mkono chini ya shali, watu wakuongeze alama. Jezi yako inabaki. Na pengine huo mguu nao ukirudi kwa mwenyewe, hawa watu wafanye kazi yao. Si umezoea kuubeba?"

"Hapo umesema," alisema Dedan. "Sisi hatujazoea."

Khadar alizungusha shali kwanza, kama kanuni ilivyotaka, kuona kama picha zimebadilisha lolote. Mikono iliingia ikatoka. Watu walikunja nyuso walipoegemea mguu mmoja. Dedan aliingiza ngumi. Warigia alitoa kidole kimoja, akafikiri, hakuongeza.

"Moja na robo," alitangaza Khadar. Kisha akamgeukia Kathure, akamfungulia shali.

Nasteha, aliyekuwa ameketi kwenye nyasi pamoja na wachezaji wengine, alinong'ona, "Sema tu, dada. Ni neno moja. Msimu ujao tunakuhitaji."

Kathure aliitazama jezi. Kinuthia alikuwa amekuja nayo, imekunjwa vizuri, namba juu. Alifikiria chai ya shangazi na ukungu wa saa kumi na mbili asubuhi. Aliutazama mguu wake wa kushoto ulivyosimama mzima, kisha miguu arobaini na mmoja iliyofungwa bandeji, ikimngoja. Akauingiza mkono chini ya shali, na Khadar akaushika, na watu wakasogea na magongo yao ili walisikie neno.

"Mitupo miwili nilikosa," alisema Kathure. "Nilirusha kwa mguu uliovunjika, mbele yenu nyote, na mmoja wenu alijua. Jezi mpeni mwingine. Siombi radhi."

"Mami," alisema Kinuthia, "fikiria."

"Nimefikiria. Siombi."